Barua Zenye Madirisha

Dada yangu mpendwa,

Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa na afya, wewe na shemeji na watoto wote, wa kuzaa na wa kulea. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limeanza kutabiri mvua kuliko redio, nami nikacheka, na kabla sijamaliza kucheka ukasema kuna mtu mlangoni. Kila nikikupigia siku hizi kuna mtu mlangoni kwako. Nyumba yako ina wageni wengi kuliko hospitali. Nilikuwa nalishangaa jambo hilo. Sasa silishangai tena, na ndiyo maana nakuandikia.

Sisi huku hatujambo. Presha yangu hupanda siku ya kuandika makala na kushuka ikishachapishwa. Wifi yako ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Kwenye simu ningebishana, dada. Unanijua. Mtu akinipa nafasi ya kujitetea naichukua hata kama kesi ni yangu na ushahidi ni wangu. Karatasi hainijibu, basi huenda nikafika mwisho.

Nianze na chanzo. Mwezi uliopita, kwenye jengo la kiwanda cha zamani cha uchapaji, lile nililoanzia kazi nikisahihisha prufu za kurasa kabla hazijachapwa, yalifunguliwa maonyesho ya mwanamke mmoja ambaye watu humwita Gundi. Zamani alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Siku hizi kazi yake ni kuokota. Anaokota picha ambazo wenyewe hawakurudi studio kuzichukua, kalenda zilizopitwa, ripoti za shule, maelekezo ya pasi na ya majiko, vipande vya barua. Kisha anabandika picha ya mtu huyu juu ya maneno ya mtu yule, na watu waliovaa vizuri wanasimama mbele yake wameshika videvu.

Niliandika makala ya kumshambulia kabla sijaenda kuona. Usinilaumu, nimewahi kuikosoa mipango ya serikali bila kuisoma na nikapatia. Kichwa kilikuwa "Jalala Lenye Fremu". Nilisema kwamba mkasi si kalamu, kwamba kizazi hiki kimechoka kufikiri kikaanza kukusanya. Nilisema pia, na hapa naomba ukae chini, kwamba anayechukua sentensi ya mtu bila kumtaja ni mwizi aliye chini ya mwizi wa kuku, kwa sababu mwizi wa kuku angalau huona haya akikutwa na manyoya.

Meneja wa ukumbi akanipigia simu kunishukuru. Alisema tangu makala itoke wageni wameongezeka mara tatu, na akanialika nije nione nilichokitukana. Mtu uliyempiga akikushukuru, shika mfuko wako. Nilijua kuna mtego, ila nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana ni woga.

Gundi alinipokea mlangoni. Ni mtu mfupi, amevaa ovaroli yenye mifuko mingi, na anapozungumza hujibandua gundi iliyokauka kwenye kucha. Akaniamkia kwa heshima, akasema makala yangu ameisoma mara mbili na anatafuta nakala safi aibandike. Sikujua kama ananidhihaki. Nilimwangalia machoni, nikaona anasema kweli, na hilo likaniudhi zaidi.

Nitakuambia ukweli kuhusu kazi zake, maana nikidanganya hapa nitadanganya na kule mbele. Ni nzuri. Kuna ubao mmoja wenye picha ndogo arobaini za pasipoti, wanaume wenye tai na vipara, na chini ya kila mmoja kuna maneno ya mwalimu kutoka ripoti ya shule isiyomhusu. Bwana mmoja mwenye uso wa waziri ameandikiwa kwamba huzungumza sana darasani na hasikilizi. Nilicheka peke yangu. Kuna picha ya harusi ambayo mtu alishachanwa, pamebaki mkono wake tu begani kwa bibi harusi, na pembeni pamebandikwa onyo kutoka maelekezo ya pasi, kwamba usiache ikiwaka bila mtu wa kuiangalia. Hapo sikucheka.

Akanieleza masharti yake ya kazi. Sharti la kwanza, hakati. Hana mkasi wala wembe karakana nzima. Kitu anakibandika kama alivyokiokota. Kikiwa kimechanika kinabaki kimechanika. Sharti la pili, hagandishi karatasi yote. Anaishika kwa ukanda mwembamba upande wa juu tu, ili mtazamaji aweze kuiinua na kusoma mgongo wake. Alisema alijalidi vitabu miaka kumi, na kwamba kitu kimoja alichojifunza ni kuwa watu husema uongo upande wa mbele. Nikamwambia ni maneno mazuri, ameyaokota wapi. Akacheka.

Kisha tukafika ukuta wa mwisho.

Zilikuwa barua. Thelathini na moja, zote za mkono mmoja, wino wa buluu, zimepangwa kwa tarehe. Karibu kila moja ilikuwa na tundu, nyingine mawili, matatu. Matundu ya mraba yaliyokatwa kwa ustadi, kama madirisha. Nyuma ya matundu Gundi alikuwa ametia vipande vya gazeti. Zote zilianza na "Kidole wangu", na zote ziliishia "dada yako". Juu yake kulikuwa na kadi: mwandishi wa barua hizi anatafutwa.

Dada, mwandiko ulikuwa wako. Ile "k" yako inayopiga teke herufi inayofuata. Na hakuna mwingine duniani aliyewahi kuniita Kidole, kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa jina hilo, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akinyooshea watu kidole hata kwenye msiba.

Nilisoma ya kwanza. Ulikuwa unaniandikia kwamba mwalimu mkuu amewakusanya tena ninyi walimu ukumbini na kuwaita wanawe, nawe ukamnong'oneza mwalimu wa darasa la nne kwamba, hapo kuna tundu, halafu mnacheka mpaka mnatolewa nje. Ndani ya tundu kulikuwa na maandishi ya gazeti: kiongozi anayetuita wanawe anataka tulale mapema. Unaijua sentensi hiyo. Nchi nzima inaijua. Imeandikwa kwenye fulana, imenukuliwa bungeni na pande zote mbili, na ndiyo iliyopangwa kuwekwa kwenye jalada la kitabu changu cha makala kinachokaribia kutoka. Barua nyingine ilimhusu jirani yako aliyenunua redio kubwa kuliko ile ya kwanza. Shemeji alisema ni kupenda muziki, wewe ukasema, tundu, na ndani yake: asiye na la kusema hununua kipaza sauti. Hiyo nayo nilitajwa nayo siku ya kupewa tuzo.

Nikamgeukia Gundi, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wageni wengine kwamba amekata barua za watu ili apate mahali pa kubandika makala zangu bila idhini. Akanijibu taratibu kwamba yeye hakati, mzee wangu, amezipata hivyo hivyo na matundu yake, ndani ya bunda alilonunua kwa muuza karatasi chakavu. Alikaa nazo mwaka mzima bila kujua la kufanya. Siku moja, akipekua magazeti ya zamani, akakuta sentensi yangu moja ikakaa kwenye tundu moja kama kifuniko kwenye chungu chake. Akajaribu nyingine. Nayo ikakaa.

Niliondoka bila kuaga, na kuanzia jioni hiyo sikumwamini mtu. Kwanza nilimshuku mhariri wangu, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinidokeza kwamba damu changa inahitaji nafasi. Nikamvamia ofisini. Akaapa kwamba hajui chochote, kisha akaniuliza kwa nini natokwa jasho kwa ajili ya barua ambazo si zangu. Nikamwambia ni joto. Akaniangalia, akaangalia feni.

Halafu nikamshuku wifi yako. Nilimkuta anakunja nguo, nikamuuliza ni nani aliyelitoa katoni la barua zako kwenye nyumba ya zamani tulipohama. Akaniuliza tangu lini anaruhusiwa kugusa karatasi zangu, yeye ambaye hata kufagia chumba kile anahitaji kibali cha maandishi. Nikasema huenda alilitoa kwa bahati mbaya. Akasema ningekuwa polisi, mji mzima ungekuwa ndani na mwizi ndiye angekuwa mkuu wa kituo. Kisha akaendelea kukunja nguo, na nguo zangu akaziacha.

Na wewe nilikushuku. Nisamehe, lakini nimeamua kusema yote. Nililala nikifikiri kwamba ulitunza nakala, kwamba ulimtafuta huyu mwanamke mwenyewe, kwamba mnacheka pamoja. Nilikupigia asubuhi nione sauti yako ikoje. Ukasema hatujambo, ukasema kuna mtu mlangoni. Nikawa na hakika ni wewe.

Mwisho nikaenda kwa muuza karatasi mwenyewe. Anakaa nyuma ya mzani katikati ya marundo ya magazeti, na kumbukumbu yake ni kali kuliko ya hakimu. Alisema katoni lile analikumbuka sana, liliachwa na mzee mmoja mwenye miwani aliyekuwa anahama, akaondoka, kisha akarudi mbio kudai kamba aliyolifungia. Kamba, dada. Akaniangalia kwa makini akaniuliza kama huyo mzee si kaka yangu. Nikamwambia tunafanana tu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikwenda nyumbani nikaandika malalamiko ya kurasa tatu kwa meneja, nikitumia vifungu vya sheria kama rungu. Nilidai makala zangu zimetumiwa bila ruhusa na ukuta ule uondolewe. Meneja ni mtu wa sauti laini na mgongo laini. Akakubali siku hiyo hiyo. Ukuta ungebomolewa Jumamosi. Kamati ya ukumbi, kwa kuogopa jina langu, ikasimamisha pia mkataba wa Gundi wa mwaka ujao, maana nani anataka kukaa na mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa maneno? Nilipoambiwa nilijisikia nimeshinda. Niliandika hata kichwa cha makala.

Jumanne Gundi akaja ofisini kwangu. Nilijiandaa kwa vita. Yeye akaweka mezani bahasha yenye vipande vyangu vyote vya gazeti, amevibandua kimoja kimoja bila kukichana hata kimoja, akasema nichukue vilivyo vyangu. Aliniomba radhi. Alidhani ananitetea, alisema. Mwanzoni aliamini kwamba huyo dada alikuwa akinakili sentensi kutoka makala zangu, na huyo Kidole akizikata kwa kuzipenda. Lakini tarehe zinamsumbua. Kila barua imetangulia makala kwa wiki mbili au tatu. Hakuna hata moja iliyochelewa.

Alisema hilo bila kunituhumu, akijibandua gundi kwenye kucha. Akasema kwamba barua zitabaki na yeye, na matundu yake yatabaki wazi, ila ananiomba kitu kimoja kwa kuwa najuana na watu wengi: nimsaidie kumpata mwandishi. Aliongeza, kwa kuniomba radhi tena, kwamba huyo mama anaandika vizuri kuliko mimi. Sentensi zangu zikitolewa kwenye makala, makala inabaki na makelele. Zake zikitolewa kwenye barua, barua bado inasimama. Kisha akaniuliza waziwazi kama namjua Kidole.

Nikasema simjui.

Aliponyanyuka akaniambia kwamba kinachomuuma si matundu, ni barua ya mwisho. Hiyo peke yake ni nzima. Ina mistari mitatu. Hatujambo. Mvua imenyesha. Wasalimie wote. Akasema mtu aliyeandika vile kwa miaka minane, kisha akaandika hivi, kuna kitu amekiona.

Basi sikiliza, ingawa nadhani unajua. Mimi ndiye niliyekata. Barua yako ikifika nilikuwa naisoma nimeshika kalamu nyekundu. Nilikuwa nazisoma barua zako kama kuku anavyosoma uwanja: macho chini, nadonoa punje, napita. Nikimaliza nachukua wembe na rula, nakata sentensi, naigandisha kwenye daftari, na baada ya wiki mbili inatoka gazetini chini ya picha yangu. Arobaini na tatu, dada. Sikubadilisha hata neno moja, kwa sababu kila nilipojaribu kubadilisha iliharibika.

Na kuna lililo baya zaidi. Unakumbuka mwaka ule uliponitumia insha yako kuhusu walimu, ukaniomba niipeleke kwa mhariri? Nilikujibu kwamba mhariri ameisoma na kusema lugha yako ni ya jikoni, si ya gazeti. Mhariri hakuiona. Ilikaa mezani kwangu. Niliisoma usiku mmoja nikaogopa, na kilichonitia woga ni kwamba ilikuwa bora kuliko chochote nilichokuwa nimeandika. Nikaikata nayo. Sentensi tisa kati ya zile arobaini na tatu zinatoka humo.

Wewe ukaendelea kuniandikia baada ya hapo. Hilo ndilo linalonishinda. Uliendelea mpaka siku fulani, nadhani kule shuleni mtu alikuonyesha gazeti, au ulifungia kitu kwa gazeti, ukakuta kinywa chako chini ya uso wangu. Hukunigombeza. Uliacha tu kuniandikia kitu chochote kinachoweza kukatwa.

Alhamisi nilirudi ukumbini asubuhi, kabla wageni hawajaja. Gundi alikuwa anafungua madirisha, akaniacha. Nikaanza kuinua barua zako moja moja na kusoma migongo yake, jambo ambalo katika miaka minane sikuwahi kulifanya kwa utulivu, maana habari za nyumbani ulikuwa unaziweka nyuma, na mimi punje zangu zilikuwa mbele. Nikafika ile ya kipaza sauti. Mgongoni umeandika kwamba mama ameamka vizuri leo, ameketi, ameniulizia, na amesema uniambie hivi, na hapo tundu langu limepita katikati. Upande wa pili wa tundu kuna maneno mawili tu: usisahau kumwambia. Tarehe ni siku kumi na moja kabla hatujamzika.

Nilikimbia nyumbani kwenye lile daftari. Kipande kipo, ukurasa wa kumi na saba, kimegandishwa chote, kingo mpaka kingo. Nilijaribu kukibandua kwa mvuke wa birika. Kikachanika, mgongo ukabaki kwenye ukurasa, wino umekuwa ukungu wa buluu. Nilimpelekea Gundi, na birika nikaenda nalo. Alikaa nacho saa mbili na brashi na maji ya vuguvugu, mikono yake ni ya daktari, na mwisho akaniambia pole, hapa hapasomeki tena. Hapo ndipo nilipomwambia Kidole ni nani. Hakushtuka. Aliuliza tu kama dada yuko hai. Nikasema yuko hai, anafundisha, ana goti baya. Akalia, mimi nikabaki nimesimama na birika mkononi kama mjinga.

Malalamiko nimeyafuta kwa maandishi, na nimemwambia meneja mbele ya kamati yake kwamba mwizi niliyekuwa namtafuta nimempata na ndiye aliyekuwa akiwaandikia. Ukuta umebaki, mkataba wa Gundi umerudi. Kitabu nimekisimamisha, mchapishaji ananiita majina ambayo hata mimi sijawahi kuyatumia. Makala ya wiki ijayo nimeiandika, inasema yote haya, lakini haitatoka mpaka wewe useme, maana nimechoka kuchapisha mambo yako bila kukuuliza. Gundi anaomba anwani yako. Sikumpa. Yake ipo nyuma ya bahasha hii. Ukitaka barua zako zishushwe, mwambie yeye, atazishusha. Ukitaka zibaki, ni zako, zitabaki.

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Sikuombi msamaha leo, kwa sababu najua ningeuomba kwa ufasaha, na ufasaha wangu unajua ulikotoka. Nakuomba jambo moja tu. Ukiweza kukumbuka, hata kama ni neno moja, hata kama ni dogo la kuhusu blanketi au chai, niambie mama alisema nini.

Wasalimie shemeji na watoto, na mwalimu wa darasa la nne kama bado mko naye. Goti ulikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, usilifanyie ubishi. Wifi yako anakusalimu sana. Ameisoma barua hii yote, amesahihisha maneno mawili, na anasema ataipeleka posta kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mimi haniamini.

Mdogo wako